Lavabo Iliyotaka Kumfukuza Shangazi

Papa alipenda lavabo yake kuliko alivyompenda dada yake. Nimeandika maneno hayo polepole, nikayasoma tena, na sioni sababu ya kuyafuta.

Lavabo hiyo ilikuwa jikoni, chini ya dirisha, nyeupe na nzito, na kona yake moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Wazungu waliojenga nyumba ile ya mtaa wa Nguba walikuwa wameiacha pamoja na milango na vitasa vyake. Papa alipopewa nyumba kwa ajili ya kazi yake, kitu cha kwanza alichowaonyesha wageni hakikuwa ziwa, ingawa ziwa lilionekana lote toka barazani. Aliwapeleka jikoni. Alifungua robine, akaacha maji yajae kidogo, halafu akatoa kizibo ili wayaone yakizunguka na kupotea tunduni.

"Munaona?" alisema. "Inakunywa yote."

Wageni wengi walitoka mtaa wa Kadutu, ambako watu wa ua mzima hungojea robine moja. Walitikisa vichwa kwa heshima, kama watu walioonyeshwa gari.

Kutokana na lavabo hiyo papa alitunga sheria. Vitu vyenye mchanga vioshwe nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Maji mengine yote, ya mchele, ya nguo, ya kunawia, yamwagwe ndani ya lavabo. Hakutaka jirani amwone mtu wa nyumba yake akirusha maji uani kwa beseni. "Hapa haiko kijijini," alituambia. Yeye alizaliwa Nyangezi, na mama yake mzazi alirusha maji uani maisha yake yote bila kumdhuru mtu.

Shangazi alikuja kwetu mwaka niliomaliza shule ya msingi. Mume wake alikuwa amekufa. Matanga yalipoisha, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alisema atamrithi yeye pamoja na shamba na mbuzi. Kwetu ni desturi, na kuna wajane wanaoikubali. Shangazi hakuikubali. Hakusema maneno mengi juu ya jambo hilo. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tumelala chumba kimoja: "Niliona vile anapigaka bibi yake. Alimupiga na muti wa jembe, halafu akakaa chini akakula." Ndiyo sababu alifunga nguo zake ndani ya kitenge, akapanda kamio, lori la mihogo, toka Nyangezi, akashuka mlangoni kwa kaka yake. Mahali pengine pa kwenda hakuwa napo.

Papa alimpokea vizuri mbele ya watu.

Shangazi hakutaka kula bure. Alichukua kazi ya sufuria. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na majivu upande huu na mchanga upande ule, akasugua kwa nyuzi za mgomba mpaka sufuria ikang'aa kama imetoka dukani. Alisugua hata matako ya sufuria, ambayo hakuna mtu anayeyatazama. Nilizibeba zile sufuria mwenyewe kwenda na kurudi, kwa hiyo ninajua zilioshewa wapi. Hakuna hata moja iliyoingia ndani ya lavabo na mchanga wake.

Halafu lavabo ilianza kunywa polepole.

Mwanzoni ilichelewa kidogo tu, ukaweza kufikiri ni macho yako. Baadaye maji yalisimama, yakashuka kwa muda unaotosha kumenya ndizi za chakula, na yaliposhuka yaliacha alama nyeupe pembeni. Papa alirudi kazini siku moja akayakuta yamesimama. Aliinama juu yake kama daktari.

"Nani anaoshea sufuria humu?" aliuliza.

"Hakuna mutu, papa," mama alijibu.

"Hakuna mutu. Muchanga umetembea wenyewe, ukapanda mu lavabo."

Shangazi alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. "Miye ninaoshaka kule kwa migomba, kaka. Unanionaka."

"Ninakuonaka wakati niko. Wakati niko ku biro, nani anakuona?"

Mimi nilikuwa ninamwona. Nilikuwa nimesimama pale, karibu na jiko, na neno lilikuwa mdomoni. Lakini mimi ni mtu ambaye hata kusalimia mgeni kunanitoa jasho, na neno lile lilibaki mahali lilipokuwa.

Tangu siku hiyo papa alijitwalia uganga. Kila jioni, akisha kubadili viatu, alichukua birika la maji yanayochemka akayamwaga yote tunduni. Mvuke ulipanda usoni kwake. Maji yalishuka kidogo, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyefanya kazi tuliyoshindwa sisi, akaenda kukaa. Asubuhi lavabo ilikuwa mbaya kuliko jana. Naye akaona hiyo ni alama kwamba shangazi ameosha tena wakati watu wamelala.

Alimleta fundi wa mabomba. Kabla mtu yule hajaweka mfuko wake chini, papa alimweleza kwamba ni mchanga, nani ameutia na tangu lini. Fundi alisukuma waya tunduni, akauvuta. Alikandamiza kwa ule mpira wenye mpini, maji yakalia. Kisha alipiga magoti, akagusa kile kiwiko cha bomba kilicho chini, wanachokiita sifo, akasema hapo ndipo uchafu unapokaa, kuna nati mbili, zinafunguka hata kwa mkono kama hazijashika kutu.

"Usifungue," papa alimwambia. "Bomba ya Wazungu ukiifungua hairudi vile ilikuwa. Weye sema tu, iko muchanga ao haiko?"

Fundi alitazama viatu vya papa.

"Iko muchanga, patron," alisema.

Hakuwa ameona hata chembe moja. Nilimchukia mtu yule, na nilimchukia zaidi kwa sababu alitufundisha mahali pa nati halafu akaenda zake.

Sasa niseme habari ya amido, wanga wa kukaza kola, maana yote yalitoka humo.

Papa alivaa abakosti kazini, koti la kola ya kusimama, kama wakubwa wote. Nguo ile haina tai ya kuficha kola. Kola inasimama peke yake shingoni, na kama imelala, watu wanasema mwenyewe amelala. Kwa hiyo kila Jumamosi, watu wakirudi kutoka salongo, kazi ya lazima ya mtaa, na majembe yao, mama alitengeneza amido. Alikoroga unga wa muhogo katika maji baridi ndani ya beseni. Alichota maji meupe ya juu, akayamwagia maji ya moto huku anakoroga mpaka yakawa uji mwepesi unaoteleza. Akachovya kola, akazikamua, akazianika, na mimi nikawasha makaa ya pasi. Uji uliobaki, na ule unga mbichi uliolala chini ya beseni, aliusuuza kwa maji mengi na kuumwaga ndani ya lavabo. Sheria ilisema hivyo. Haukuwa na mchanga.

Nilikuwa nimeona hayo Jumamosi nyingi bila kufikiri kitu. Halafu Jumamosi moja maji yalisimama mpaka karibu na ukingo, na nilipoinama kuchukua kikombe nilisikia harufu. Ilikuwa harufu ya mihogo iliyolowekwa, ile ya kupanda puani, iliyo karibu kuoza. Nilimtazama mama. Mama alikuwa na beseni tupu mikononi, bado jeupe ndani. Alinitazama. Tulitazamana kwa muda ambao mtu hawezi baadaye kusema hakuona. Kisha alichukua kitambaa akapangusa ukingo wa lavabo.

"Enda uangalie makaa," aliniambia.

Nilikwenda kuangalia makaa. Nilipita nyuma, kwa shangazi.

"Shangazi," nilisema, "ile tundu inanuka mihogo."

"Ninajua." Hakuacha kusugua. "Inanuka tangu zamani."

"Sasa kwa nini hausemi?"

Aligeuza sufuria, akaitazama tumboni. "Nitasema juu ya mama yako mu nyumba yake? Kaka yangu akinikasirikia, mama yako ananipatia sahani. Mama yako akinikasirikia, nani atanipatia? Na weye usiseme. Mudomo wako uko muzuri vile umefungwa, usiuharibu." Halafu alianza kucheka peke yake, bila sauti, mabega yakatikisika. "Lakini huyu kaka yangu. Unga uko mule chini, na yeye kila mangaribi anamwanga maji ya moto juu yake. Mutu akimwanga maji ya moto juu ya unga, anapika nini?"

"Bugali."

"Basi anapika. Amebakisha kuleta mwiko."

Nilicheka pia. Lakini nilipolala usiku ule sikucheka. Nilikuwa na hasira juu ya mama, na juu ya papa, na hata juu ya shangazi aliyejifunza kujifanya mdogo hivyo katika nyumba ya ndugu yake wa tumbo moja.

Kisha yule shemeji wa Nyangezi alituma mtu. Mtu huyo alileta mtungi wa kasiksi na salamu nzuri sana. Alisema kule nyumbani wanamngojea mjane wao, shamba limeota majani. Papa alikunywa ile pombe ya ndizi barazani pamoja na mjumbe, wakaongea kwa sauti ya chini. Kesho yake, tukiwa mezani, alisema bila kuinua kichwa kwamba Jumatatu kuna kamio linalokwenda Nyangezi na shangazi atapanda.

Shangazi aliuliza, "Nimefanya nini, kaka?"

"Unauliza? Angalia lavabo. Kitu ya Wazungu kilikaa miaka yote kizima, weye unafika, kinakufa. Nyumba ya mujini haiko ya kila mutu. Kuna watu wanafaa kijijini tu, haiko kosa yao."

Hilo ndilo lililonichoma, na bado linanichoma. Kama angesema anaogopa ukoo, ningeelewa. Kama angesema amekunywa pombe ya mtu na sasa hawezi kumnyima, ningemwona ni mwoga, lakini mwoga wa kweli. Yeye alikwenda kujificha nyuma ya lavabo. Alikuwa anampeleka dada yake kwa mtu anayepiga na mti wa jembe, na sababu aliyoishika mkononi ilikuwa maji yanayoshuka polepole.

Mama alikuwa anagawa mboga. Kijiko chake kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Jumapili shirika lilisali kwetu. Shirika ni Wakristo wa mtaa mmoja, wanapokezana nyumba, na nyumba inayopokea hupika kidogo. Sebule ilijaa. Papa alivaa abakosti ya rangi ya udongo, kola imesimama kama ubao. Nguo za shangazi zilikuwa zimekwisha kufungwa ndani ya kitenge kilekile alichokuja nacho, kiko nyuma ya mlango wa chumba chetu. Sala zilipokwisha, tuliweka mezani wali na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa. Maman aliyeongoza shirika, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, aliingia jikoni kunawa mikono. Alirudi na mikono mikavu.

"Papa," alisema, "lavabo yenu iko na ngonjwa. Imejaa na inanuka."

"Ni huyu dada yangu," papa alijibu, na alisema kwa sauti ya kufika pembe zote. "Anasuguaka sufuria na muchanga mule. Tumemukataza, lakini mutu wa kijijini utamufanya nini. Kesho anarudi kwao."

Shangazi alikuwa anapita na sahani. Alisimama katikati ya watu. Mama alitazama wali.

Niliweka vikombe chini. Sikuamua kitu, miguu tu ilikwenda. Jikoni nilisogeza pazia lililo chini ya lavabo, nikaweka beseni la amido chini ya sifo, nikaishika nati kwa kitambaa. Ilikataa. Nilichukua mwiko wa bugali nikaigonga ubavuni, nikaishika tena, ikalia na kuzunguka. Nati ya pili ilikuwa laini. Nilipovuta kiwiko, maji yote ya lavabo yalishuka kwa kishindo, yakajaza beseni, yakanilowesha mpaka magotini. Kiwiko chenyewe hakikutoa kitu. Kilikuwa kimejaa. Niliingiza mpini wa mwiko upande mmoja nikasukuma, na upande wa pili kikaanza kutoka kitu cheupe, polepole, kimoja, kimejipinda kama bomba lilivyojipinda. Nilikipapasa chote. Hakikuwa na mchanga.

Nilichukua sahani, moja ya zile nzuri za wageni, nikakiweka juu yake. Nikaingia sebuleni na gauni langu linalotiririka maji, nikaiweka sahani mbele ya papa, kati ya wali na sambaza.

Yule maman aliinama akanusa. Alikibonyeza kwa kidole, kama anavyobonyeza mtu anayejua bugali limeiva au bado.

"Hii haiko muchanga," alisema. "Hii ni amido." Akainua macho, akatazama shingo ya papa. "Ni ndugu ya kola yako, papa. Wanafanana."

Mtu mmoja alikohoa. Wengine walificha midomo kwa vitabu vya nyimbo, lakini benchi lilikuwa linatikisika.

"Ondoa hii kitu," papa aliniambia.

Sikuondoa.

"Mutoto, nasema ondoa hii kitu."

"Muchanga uko wapi, papa?" nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini kila mtu aliisikia.

Hapo ndipo mama alipoongea. Alisema na wali, si na watu. "Ni amido yangu. Niliimwanga mule kila posho. Ulisema maji isimwangwe inje." Kwetu posho ni Jumamosi. Nilisikia furaha kwamba amesema, na papo hapo nikasikia hasira mpya, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa fupi hivyo na angeweza kulisema siku yoyote.

"Basi," maman wa shirika alisema, "dada anaenda Nyangezi kesho kufanya nini?"

"Tutaangalia," papa alijibu.

"Hapana, papa. Tumesali hapa, na chakula iko hapa inapoa. Sema, tusikie."

Papa alivuta kola yake kwa kidole. "Anaweza kubakia," alisema.

"Aksanti. Sasa tunawe mikono." Akawaongoza wote uani, kwenye robine ya nje, na maji yakamwagika ardhini mbele ya majirani. Shangazi aliweka sahani mezani moja baada ya moja, kwa uangalifu, hakuvunja hata moja. Kisha alikwenda chumbani akafungua kitenge.

Jumatatu kamio lilipita bila yeye. Mtungi wa kasiksi ulirudi Nyangezi mtupu, bila salamu. Lakini papa hakumwambia dada yake pole, siku ile wala hadi leo. Alimpa "anaweza kubakia" kama zawadi, na mwaka mzima aliwasimulia wageni jinsi anavyomtunza mjane. Mimi nilipewa adhabu ya kuosha sakafu ya jikoni, maana nilikuwa nimemwaga maji.

Lavabo sasa inakunywa vizuri, kwa sababu ninaitunza mimi, na ninaitunza kwa hasira. Amido inakwenda kwenye migomba, mbichi na iliyoiva. Mafuta ya sambaza ninayapangusa kwa jani la mgomba kabla sijaosha kikaango, na jani linaingia motoni. Juu ya tundu nimeweka kifuniko cha mkebe wa maziwa nilichotoboa kwa msumari, kinashika mchele na magamba. Mara kwa mara ninafungua nati zile mbili, ninasafisha kiwiko, ninakirudisha. Kinarudi vilevile kilivyokuwa. Na mtu akiniambia lavabo yake imezibika, ninamwambia asikimbilie birika. Kwanza anuse. Kama inanuka unga, maji ya moto yataupika. Kama inanuka mafuta, hapo maji ya moto na sabuni vitasaidia. Na kabla ya kumtaja mtu aliyeiziba, afungue bomba aangalie.

Shangazi yuko kwetu bado. Hanawi mikono katika lavabo ile hata siku moja. Lakini kila Jumamosi, mama akimaliza kola, shangazi anainuka mwenyewe kuchukua beseni. Njia fupi ya migomba ni ya mlango wa jikoni. Yeye anapita sebuleni, anatoka barazani, anazunguka mbele ya papa aliyekaa na gazeti, majirani wanamwona, anafika nyuma anamwaga. Kisha anagonga matako ya beseni kwa kiganja mpaka tone la mwisho, na mlio ule unasikika mpaka barabarani. Papa anageuza uso wake anatazama ziwa.